Marehemu Hapokei Simu

Mama yangu yuko hai, ana meno yote na mdomo wote, na msiba wake niliuandaa mimi mwenyewe, mwanawe wa kumzaa. Wanaoniita kichaa hapa mtaani Lipangalala, Ifakara, waendelee tu, sijambo. Kichaa ni yule aliyemuua kwanza.

Naitwa Agnetha. Mama yangu ni Natalia, Mpogoro wa kijiji cha Mbingu. Mjini tuna vyumba viwili vya kwetu, lakini mpunga ukishaota mama hakai mjini mpaka avune, anahamia shamba, kama nusu ya Ifakara inavyohamia. Ukija kumuulizia miezi hiyo jibu ni moja tu: hayupo. Hayupo, yuko shamba. Hata mtoto anayejifunza kusema anakujibu hivyo, na hakuna anayeshika kichwa kulia.

Sylvester anajua hilo. Si mgeni huyu. Amezaliwa hapahapa, mama yake naye alikuwa anahamia shamba. Ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe. Angekuwa mtu wa mbali ningesema Kiswahili kilimpiga chenga. Yeye alijua.

Sylvester ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa Kituo cha Upeo, pale walipokuwa wanafundisha vijana wa mtaani kompyuta. Ada hakuna. Kuna mfuko wenye ofisi Dar es Salaam ulikuwa unalipia kila kitu, kuanzia walimu hadi umeme. Na hata kama namchukia mtu sitamzulia: kituo kilikuwa kizuri. Mimi niliingia pale natoka kusuka nywele barazani, sijui hata kuwasha hiyo mashine. Baada ya muda nikawa natengeneza tovuti. Ya kwanza kabisa niliitengeneza kwa ajili ya mchele wa mama, nikaweka na picha yake ameshika ungo, anacheka. Nilipomwonyesha kwenye simu alisema, "Mbona umenifanya mnene?" Lakini alizunguka na ile simu mtaa mzima, kila mlango anagonga, njooni mnione.

Basi siku moja Sylvester akaja na mpiga picha. Akasema wafadhili wanataka kuwaona wanufaika. Hilo ndilo jina alilotupa, wanufaika, kama aina ya mbegu. Akanikalisha nje, juani, na jua la Ifakara mnalijua. Akaniuliza naishi wapi, nikajibu. Akaniuliza zamani nilikuwa nafanya nini, nikajibu. Akaniuliza, "Na mama?"

Nikasema, "Mama hayupo, yuko shamba, Mbingu. Labda mje akishavuna."

Nikafuta jasho. Akasema asante, umeongea vizuri sana.

Ile video ilipotoka, nilionekana nasema, "Mama hayupo." Kisha kimya. Kinanda kikaanza kulia taratibu, na mimi nafuta jasho usoni, ila sasa si jasho tena, ni machozi. Kwa chini wakaandika kwa Kiingereza kwamba mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na kwamba kabla ya kituo nilikuwa nalala kwenye mabaraza ya maduka. Mimi! Mama yangu alikuwa ananifungia mlango saa moja jioni!

Sikuwa nimeiona. Aliyeiona kwanza ni mama. Video ilitembea kwenye makundi ya simu mpaka ikafika Mbingu, ikaingia kwenye simu ya binamu yangu, na mwalimu wa pale akawatafsiria yale maandishi, watu wamejaa, mama yangu katikati yao ameshika jembe. Kwa watu wengine labda ni uongo tu kama uongo mwingine. Kwetu, kumtangaza mtu mzima amekufa ni kumchuria. Ni kumwitia kifo kwa jina. Na mbaya kuliko yote, maneno yalitoka kwenye mdomo wangu, sura yangu, sauti yangu, mtoto wake wa pekee.

Nilipompigia jioni ile, simu akapokea binamu.

"Nipe mama."

Nikasikia sauti ya mama kwa nyuma, baridi kabisa: "Mwambie marehemu hapokei simu."

Nilicheka. Nikadhani ni mizaha yake. Nikapiga tena kesho yake, na kesho yake tena, jibu lilelile, mpaka binamu akanitumia ile video nikaelewa. Nikapanda basi mpaka Mbingu, nikamkuta anapalilia. Nikamwambia shikamoo mama. Hakuitikia. Nikapiga magoti palepale kwenye matope nikaapa kwamba walikata maneno yangu. Akaendelea kupalilia, akanipita kama anavyopita kisiki. Hivi mnajua uchungu wa kumwamkia mama yako na asiitikie marahaba? Afadhali angenipiga. Nilirudi mjini nalia mpaka abiria mwenzangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Nilikwenda moja kwa moja kituoni, viatu vina matope. Sylvester alikuwa ofisini kwake, feni inampuliza, shati limenyooka. Nikamwambia afute ile video, kisha aende Mbingu akamwombe mama yangu msamaha kwa mdomo wake.

Akacheka kidogo. "Agnetha, kaa chini. Wewe si ulisema hayupo? Nimekulisha maneno mimi?"

"Nilisema yuko shamba!"

"Video ina dakika chache, mdogo wangu, kila neno haliwezi kuingia." Kisha akainama kwenye meza, akashusha sauti kama mtu anayekufundisha siri ya maisha. "Sikiliza. Wenye mfuko wao wanataka yatima. Mtoto mwenye mama anayelima mpunga hawamlipii. Unafikiri umeme huu unatoka wapi? Kufa kwenye video si kufa. Mama yako amepungukiwa nini? Ameumwa hata kichwa?"

Nikamwambia mama haongei na mimi.

"Ataongea. Wazee husahau." Akaanza kuandika kwenye kompyuta yake, maana yake nimeshaondoka. "Na wiki ijayo Bi. Eveline wa mfuko anakuja kutoka Dar kukagua. Wewe ndiye nitakayekutambulisha kwanza. Uvae kawaida, usijipake chochote. Ukiharibu, umewaharibia wenzako wote, si mimi."

Nilisimama pale, namwangalia paji la uso, na nikaapa. Sikuapa kwa sauti. Ila nilijua tangu dakika ile kwamba sitaki tena msamaha wake. Nilitaka aaibike. Nilitaka aibu imshike mbele ya watu anaowaogopa, kama ilivyomshika mama yangu na jembe lake. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu: nililala vizuri siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mwenzangu Seni, Msukuma mmoja mpole ambaye wazazi wake wanachunga ng'ombe upande wa pili wa mto, na ambaye kwenye video naye "hana mtu duniani", alinisihi. "Achana naye, Agnetha. Tumebakiza kidogo tumalize. Baba yangu mimi ameshacheka tu, anasema amekufa vizuri kuliko alivyoishi."

"Baba yako anaongea na wewe," nikamwambia. 

Sasa, wazo la msiba lilinijia lenyewe: umesema amekufa, haya, tuomboleze. Lakini mtoto hawezi kumwekea mama yake msiba akiwa hai. Hiyo ingekuwa laana juu ya laana. Ndugu hawezi, jirani hawezi. Katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu anayeweza kucheza na kifo chako na asiwe amekuchuria, naye ni mtani.

Na mama yangu ana mtani. Bibi Balbina, Mngoni, anakaanga vitumbua kona ya pili kutoka kwetu. Mngoni na Mpogoro ni watani tangu enzi za babu zao kupigana mikuki. Kwenye misiba ya Wapogoro hapa mtaani, Bibi Balbina huwa anavaa nguo za marehemu, anaigiza anavyotembea, anakalia jeneza, anazuia watu wasizike mpaka wampe kitu, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, wewe ndiye unayetozwa.

Nilimweleza kila kitu huku vitumbua vinaungua. Alisikiliza, akavua chapeo yake ya majani, akajipepea.

"Kwa hiyo Mpogoro wangu amekufa," akasema, "na mimi mtani wake sijaambiwa?"

"Hujaambiwa, bibi."

"Nani alizika?"

"Sylvester."

"Sylvester! Alizika bila mtani!" Akapiga paja lake, kicheko kikamtoka mpaka machozi. Kisha kicheko kikakatika ghafla, na nikamwona macho yake yamekuwa makali. "Tutakwenda kumdai maiti."

Siku ya Bi. Eveline ilipofika, tulipangwa ukumbini na kompyuta zetu. Bi. Eveline alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, ana kilemba kizuri, na anaongea na kila mtu kwa heshima. Sylvester anamzunguka kama kuku mwenye vifaranga. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Huyu ndiye Agnetha, yule wa kwenye video. Alimpoteza mama yake akiwa mdogo kabisa." Na mimi nikainamisha kichwa. Lazima aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mgeni. Nilimwachia kamba aivute.

Bi. Eveline alinishika mkono. "Pole sana, mwanangu."

Ndipo tuliposikia vilio kutoka barabarani.

Waliingia getini wanawake wa mtaa mzima, khanga viunoni, wengine na mikeka kichwani, wengine na masufuria ya wali na ya maharage, kama wanavyokwenda matangani. Mbele yao Bibi Balbina, amejifunga khanga ya mama yangu niliyomwazima, anatembea kwa mwendo wa mama yangu kabisa, ule wa haraka wa kutupa kiwiko, anapiga yowe, "Yalaaa Natalia! Umeondoka na ungo wangu, Natalia! Mpogoro mwizi wewe, hata kufa umekufa kwa siri!"

Mikeka ikatandikwa uani. Wanawake wakakaa. Vijana wote wakatoka nje kuangalia, na Bi. Eveline akatoka, na Sylvester akatoka mbio.

"Kuna msiba?" Bi. Eveline akauliza.

"Upo, mama," Bibi Balbina akamjibu, anajipangusa machozi ambayo hayapo. "Tumefiwa na Natalia, mama wa huyu binti. Mkurugenzi ndiye aliyetangaza, dunia nzima imesikia. Ila hakutuonyesha maiti. Sisi watani tumekuja kudai maiti yetu."

Jamani, uso wa Sylvester! Sitausahau, na sitaki kuusahau. Alinitazama. Nikamtazama. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, mfiwa kweli kweli.

Sasa angefanyaje? Aseme Natalia hajafa, Bi. Eveline amesimama pale. Anyamaze, wanawake wamekaa na hawaondoki. Akachagua uongo, kama nilivyojua atachagua. "Mama zangu, poleni. Ni msiba wa zamani huo. Marehemu alishazikwa."

"Wapi?" Bibi Balbina akadaka.

"Mbingu."

"Mbingu ipi, hii ya mpunga au ya Mungu?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Bi. Eveline mdomo ulimcheza.

"Hii... hii ya huku."

"Kaburi liko upande gani? Nani alichimba? Mtani gani alikalia jeneza? Mpogoro hazikwi bila mtani, anafukuka! Mtu huyu amemfukia mtani wangu kama kitunguu!" Na wanawake wakapokea kwa yowe. Bibi Balbina akajilaza katikati ya mkeka, akanyoosha miguu, akafunga mikono kifuani. "Haya, mimi ndiye Natalia. Mkurugenzi, njoo unizike. Ulinizika mara ya kwanza bila jasho, leo utatoa jasho."

Sylvester jasho lilikuwa linamtoka kweli, lile shati limemganda mgongoni. Akaanza kufoka, "Mama, ondoka hapa, hii ni ofisi!" Bibi Balbina pale chini akafumbua jicho moja. "Ooh, amemkasirikia mtani. Andikeni, anadaiwa mbuzi." Kila alivyofoka ndivyo watu walivyocheka. Na mimi nilikuwa nakunywa ile aibu yake kama mtu aliyetoka shambani anavyokunywa maji. Nilitaka zaidi. Kama wangekaa wiki nzima ningewapikia.

Kisha kicheko kikafifia kutokea getini kuja ndani, watu wanapisha njia. Nikageuka.

Mama.

Mimi sikumwita, naapa. Bibi Balbina ndiye aliyempigia, na mwito wa mtani huwezi kuukataa. Alikuwa bado na gauni la shamba, matope yamekauka kwenye visigino, amekuja kwa bodaboda moja kwa moja. Alipita katikati ya waombolezaji wake bila haraka. Hakuniangalia. Alikwenda mpaka mbele ya Sylvester, akasimama hatua moja kutoka kwake, mikono nyuma, akamkazia macho.  Akangoja.

Na mimi nikajua anangoja nini kabla Sylvester hajajua. Mtu mzima amesimama mbele yako, umri wa mama yako, mtu unayemfahamu tangu utoto, anakuangalia. Mtu wa huku hafikirii. Mdomo unajibu wenyewe, ulifundishwa kwa fimbo kabla hujajua kuvaa suruali.

"Shikamoo, mama Agnetha," Sylvester akasema.



"Marahaba," mama akaitikia. "Hujambo, Sylvester?"

Bibi Balbina akaketi kutoka kwenye kifo chake. "Eeeh! Anamwamkia marehemu! Na marehemu anaitikia!"

Hapo ilikuwa kama bwawa limepasuka. Vigelegele! Sylvester alishika mdomo kwa mkono, kama anataka kulirudisha lile neno ndani, lakini shikamoo ikishatoka hairudi. Bi. Eveline alimgeukia polepole. "Mkurugenzi, umemwita nani?" Sylvester akaangalia geti. Bi. Eveline akarudia, "Nakuuliza, umemwita mama nani?" Sylvester akajibu, "Mama Agnetha." Akatamka mwenyewe. Na kutoka kwenye kundi la vijana, mmoja akapaza sauti kwamba mama yake naye yuko Sanje anauza ndizi, mwingine baba yake anavua samaki. Waliokufa walifufuka mmoja baada ya mwingine, na Sylvester amesimama katikati yao, shingo imezama.

Yangeishia hapo ningekuwa nimeshiba. Lakini Bi. Eveline alimsogelea mama, akamwamkia, akamwomba radhi kwa niaba ya mfuko. Alimaanisha, niliona. Kisha akasema, kwa aibu, "Ila niwaambie ukweli, mama. Huu mfuko ni wa yatima tu. Vigezo ndivyo hivyo, na si mimi niliyeviweka. Kama hawa vijana wana wazazi, sitaweza kuandika kwamba waendelee."

Wenzangu wakatazamana. Seni alikuwa amesimama karibu na mlango wa darasa, akanitazama kwa jicho ambalo sikuweza kulipokea. Mkutano mzima ukawa unamtazama mama, kama vile yeye kuwa hai ndiko kulikozima umeme.

Mama alifikiri. Aliangalia zile kompyuta kupitia dirishani, akaziangalia kwa muda, maana alizipenda, zilimfanya mnene. Halafu akasema, "Mwambie aliyekutuma asante. Mwanangu amejifunza. Lakini mimi kufa kwa ajili ya kompyuta, sifi."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu ile video, akaniangalia usoni.  Nilifungua mdomo nimwambie yote tena, walikata maneno, sikusema hivyo mama, sikusema. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nimekuja bila kula," akasema. "Wali wa msiba wangu uko wapi? Lete maji uninawishe, mwanangu."

Mwanangu! Nilikimbia, nikaleta birika na beseni, nikamwagia maji mikononi huku mengine yananimwagikia miguuni kwa kulia. Alinawa taratibu, matope ya Mbingu yanatoka vidoleni. Akakaa kwenye mkeka, karibu na Bibi Balbina, aliyekuwa ameshaanza kumdai ungo. Akamwinulia Bi. Eveline uso. "Karibu chakula, mama. Njaa haina vigezo." Bi. Eveline akasitasita, akavua viatu, akakaa. Nikamnawisha na yeye. Mama akawaita vijana, karibuni wanangu, karibuni, wakaja, hata Seni akaja, ingawa alikaa mbali nami, na sikumlaumu. Akamwita mlinzi wa geti. Akamwita dereva wa Bi. Eveline kwenye gari.

Sylvester alikuwa bado amesimama palepale, mbele ya mkeka, harufu ya maharage ya nazi inampanda puani. Mama alimega tonge, akalichovya, akamtazama moja kwa moja machoni, akala. Akamega lingine. Sisi wote tukala mbele yake, mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyemwambia karibu.